Vikopo Saba Mezani: Tathmini ya Kliniki Moja ya Ngozi Mjini Kisumu

Kliniki ninayoizungumzia iko katikati ya mji wa Kisumu, si mbali na barabara ya Oginga Odinga, katika orofa ya pili ya jengo ambalo chini yake kunauzwa mabati na rangi. Ina watu watatu tu: tabibu aliyebobea katika magonjwa ya ngozi, muuguzi mmoja, na kijana wa mapokezi. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu baadhi ya niliyo nayo ni malalamiko, na pia kwa sababu ninachotaka msomaji akipime ni aina ya huduma yenyewe, ili aweze kuidai popote atakapokwenda kutibiwa ngozi, iwe Kakamega, Bungoma, Kisii au Nakuru. Nimekwenda huko mara nne kati ya mwezi wa Agosti na Januari, mara tatu kwa ajili ya uso wangu na mara moja nikiwa na mtoto wa dada yangu, na kila senti niliyolipa ilitoka mfukoni mwangu.

Nilikwenda nikiwa nimechelewa. Mabaka meusi yalianza kunitokea mashavuni na juu ya mdomo baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, nami nikayavumilia kwa miaka kadhaa hadi mwalimu mwenzangu aliponielekeza kwa muuzaji wa vipodozi aliyekuwa akichanganya krimu mwenyewe na kuiuza katika vikopo vyeupe visivyo na maandishi yoyote. Sikuwa na nia ya kujichubua. Nilitaka mabaka yaondoke na uso urudi kuwa wa rangi moja, rangi yangu niliyozaliwa nayo. Wiki tatu za kwanza zilinishangaza, maana mabaka yalififia na ngozi ikawa nyororo kama ya mtoto. Kufikia mwezi wa tano, hata hivyo, uso ulikuwa ukiniwaka kila nilipotoka juani, vimishipa vyembamba vilianza kuonekana mashavuni, vipele vilizuka kuzunguka mdomo, na kila nilipojaribu kuiacha krimu hiyo kwa siku mbili, uso ulivimba na kuwasha hadi nikairudia. Nilipomweleza muuzaji, alinihakikishia kwamba ile ilikuwa sumu inayotoka mwilini, kisha akaniuzia kikopo cha pili. Nilikinunua. Ninalisema hili wazi kwa sababu najua kuna dada na mama wengi ambao wako mahali hapo hapo leo, wanasubiri sumu iishe kutoka.

Kabla ya miadi ya kwanza nilipokea ujumbe kwenye simu ukinitaka nije na kila kitu ninachojipaka, kuanzia sabuni hadi mafuta ya midomo, na nisiache kitu nyumbani kwa kuona haya. Nilifika na mfuko na kupanga mezani vitu saba: kikopo cheupe, sabuni ya mpapai, krimu ya kusugulia yenye chembechembe, maji ya kusafishia uso yenye spiriti, chupa ndogo ya vitamini C, mafuta ya nazi, na tyubu ya dawa niliyoinunua katika duka la dawa bila cheti cha daktari. Tabibu, ambaye ni mwanamke wa makamo, alivaa miwani na kusoma maandishi ya kila kimoja, mpaka yale madogo ya nyuma, kabla hajaniuliza lolote kuhusu uso. Nilipomwita daktari alinisahihisha kwa upole: yeye ni tabibu (clinical officer), aliyesomea magonjwa ya ngozi katika kituo cha mafunzo kilichoko ndani ya hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambacho tangu 1992 kimekuwa kikiwafunza matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Nilipenda ukweli huo. Watu wengi katika biashara ya ngozi hujiita wataalamu bila kusema walifuzu wapi.

Maswali yake yalichukua zaidi ya nusu saa. Aliuliza nilikuwa nikitumia njia gani ya kupanga uzazi, kwa kuwa mabaka ya aina hii huchochewa na homoni. Aliuliza ninasimama juani saa ngapi kila siku. Aliuliza kama ninapikia jikoni kwa mkaa na kama moto hunipiga usoni. Aliuliza kama watoto wangu hulala wakiwa wamegusana na uso wangu, jambo ambalo sikulielewa hadi baadaye. Kisha alinimulika usoni kwa taa ya mionzi ya zambarau, chumba kikiwa giza, ili aone kama rangi imelala karibu na juu au imezama chini zaidi, na akanipiga picha karibu na dirisha kwa ajili ya kulinganisha.

Kuhusu kile kikopo cheupe, hakujifanya kujua asichokijua. Alisema kwamba bila maabara hakuna anayeweza kuapa kilicho ndani, lakini dalili zangu zinafanana na za mtu aliyepaka steroidi kali kwa muda mrefu, na kwamba mikorogo ya aina hiyo kwa kawaida huwa na kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, nzuri sana ikitumika kwa wiki chache kwa ugonjwa unaoihitaji, lakini ikipakwa usoni kwa miezi huikondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana, huleta vipele, na hufanya ngozi iwe tegemezi kiasi kwamba ukiiacha ghafla uso unawaka moto. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo huzuia seli kutengeneza rangi; ikitumiwa kiholela kwa miaka huweza kuleta weusi wa kibluu usioondoka kwa urahisi, hali iliyoelezwa na madaktari wa Afrika Kusini mwaka wa 1975. Cha tatu, na ndicho kilichonitisha, ni zebaki.

Zebaki huizuia ngozi isitengeneze melanini, yaani rangi yake ya asili, lakini haikai pale inapopakwa. Huingia mwilini na kuharibu figo na neva, na huweza kumhamia mtoto anayeguswa na ngozi ya mama yake au kutumia taulo lake. Hapo ndipo nilipolielewa lile swali kuhusu watoto. Si hadithi ya mbali na kwetu. Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa waliovimba miili kwa sababu figo zao zilikuwa zikipoteza protini, na wengi wa wanawake miongoni mwao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Shirika la Viwango la Kenya limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi kwa miaka mingi sasa, lakini marufuku haisomeki kwenye kikopo kisicho na lebo. Tabibu alinifunza pia ishara moja ambayo nimekwisha kuipitisha kwa wanawake wote wa ukoo wetu: krimu ambayo maelezo yake yanakuonya usiiguse ukiwa umevaa pete ya dhahabu au ya fedha ni ya kushukiwa, kwa sababu zebaki hushikana na madini hayo. Baada ya hapo alinipima shinikizo la damu, akatumbukiza kijiti kwenye mkojo wangu kuangalia protini, na hakukuta kitu. Kipimo hicho hakikuongezwa kwenye bili.

Sehemu inayofuata ndiyo sababu hasa ya kuandika tathmini hii. Alichukua karatasi, akachora ukuta, na kunieleza ngozi ni nini kwa Kiswahili ambacho hata wanafunzi wangu wa darasa la sita wangekielewa. Tabaka la juu kabisa, alisema, ni seli zilizokufa zilizopangwa kama matofali, na kati yake kuna mafuta maalumu ya mwili yanayofanya kazi ya udongo wa kukandikia. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwili hayatoki na uchafu hauingii. Kila unapousugua kwa dodoki gumu, kwa krimu yenye chembechembe au kwa spiriti, unabandua udongo. Nyumba iliyobanduka udongo haihitaji rangi mpya, inahitaji kukandikwa. Nyumba za bibi zetu zimetufunza jambo hilo zamani, ila hatukuwahi kulihamishia kwenye miili yetu. Seli za chini huchukua takriban wiki nne kupanda hadi juu, na muda huo huongezeka kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo tiba yoyote ya kweli ya rangi ya ngozi huhesabiwa kwa miezi, na krimu inayoahidi siku saba inaficha kitu.

Aliendelea na sabuni. Ngozi ina uchachu kidogo, kiasi cha pH 5 (pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikipanda uchachu hupungua), na uchachu huo huwafaa vijidudu wema na kuwazuia wabaya. Sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 au 10, na ndiyo maana uso uliooshwa kwa sabuni ya kufulia hukakamaa mara tu unapokauka. Nimelelewa kuamini kwamba kukakamaa huko ndiko usafi wenyewe. Halafu akaja kwenye melanini, na hapa nilimwona akichangamka zaidi. Watu wote duniani, weusi kwa weupe, wana idadi inayokaribiana ya seli zinazotengeneza rangi. Tofauti iko katika wingi, ukubwa na mpangilio wa chembe zinazotolewa na seli hizo. Chembe hizo hukaa juu ya kiini cha seli kama mwavuli, zikikinga vinasaba vilivyo ndani visichomwe na jua. Baka langu, kwa hiyo, ni miavuli mingi iliyofunguliwa mahali pamoja kwa sababu ngozi iliona hatari. Kupigana na miavuli huku ukiliacha jua likiendelea kupiga ni kazi bure.

Ni katika jambo la jua ndipo nilipombishia. Nilikuwa nimeamini kwamba mafuta ya kukinga jua ni ya Wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Hakunitisha kwa saratani, kama wanavyofanya wauzaji wengine. Alikiri kwamba ngozi yangu ina kinga yake ya asili inayokadiriwa kuwa sawa na SPF 13 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kukinga jua), na kwamba hatari ya saratani ya jua kwa mtu mweusi ni ndogo sana ikilinganishwa na mtu mwenye ualbino, ambaye kwake losheni hiyo ni dawa ya kuokoa maisha, na ndiyo sababu serikali, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, imekuwa ikiwagawia bila malipo. Lakini kwa mwenye mabaka, alisema, jua ndilo linaloyachora upya kila siku. Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,130, na mionzi ya adhuhuri hapa huwa mikali karibu mwaka mzima, hata siku ambazo mawingu ya ziwa yametanda. Tena si mionzi isiyoonekana peke yake. Kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huzidisha mabaka, na losheni nyeupe za kawaida haziuzuii vizuri. Kinachouzuia ni zile zenye rangi ya udongo, ambazo zimetiwa oksidi ya chuma.

Mwavuli na kofia pana alivitaja kabla ya losheni yoyote, naye akasema kwamba mwalimu anayesimamia michezo uwanjani akiwa chini ya mwembe ameshajitibu nusu. Ushauri usiouzwa ni nadra siku hizi.

Kati ya vile vitu saba, nilirudi nyumbani na kimoja, mafuta ya nazi, nayo ya kupaka mwilini tu. Usoni niliruhusiwa vitu vitatu: sabuni laini isiyo na manukato, krimu ya kukandika ukuta, na losheni ya kukinga jua yenye rangi, SPF 50, ya kutosha kujaza mistari miwili ya vidole na kurudiwa kila baada ya saa mbili ninapokuwa nje. Aliniandikia pia steroidi dhaifu ya kupunguza polepole kwa wiki kadhaa badala ya kuikata ile kali ghafla, na akanionya kwamba wiki ya pili na ya tatu zitakuwa mbaya. Zilikuwa mbaya kuliko nilivyojiandaa. Uso uliwaka, ukatoa majimaji, ukabambuka, na usiku mmoja nilikichukua kile kikopo kilichobaki nikakishika mkononi kwa muda mrefu. Nilipiga simu asubuhi. Muuguzi alipokea, akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia niweke kitambaa kilicholowekwa maji baridi kwa dakika kumi kisha krimu, akanipigia tena jioni, na siku iliyofuata pia. Hawakunidai chochote kwa simu hizo. Kama kuna jambo moja linaloitenganisha kliniki hii na nyingine nilizowahi kukanyaga, ni hizo simu mbili.

Ilikuwa wiki ya tisa, ngozi ikiwa imetulia, ndipo aliponiongezea dawa ya mabaka yenyewe, krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 20, usiku pekee. Inachoma kidogo dakika za mwanzo. Haikuleta muujiza wowote, nami sikuuhitaji tena.

Ziara ya tatu nilikwenda na mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa, aliyekuwa na upele mgongoni na kwenye paja ambao haukuwa na umbo la kueleweka. Mama yake alikuwa amempaka dawa ya tyubu ya duka la dawa, ile ile aina niliyokuwa nayo mezani, yenye dawa ya fangasi, kiuavijasumu na steroidi kali vikiwa vimechanganywa pamoja. Tabibu alikwangua magamba kidogo ukingoni, akayaweka juu ya kioo, akadondosha myeyusho wa potasiamu unaoyeyusha ngozi na kuacha fangasi, na baada ya muda akatuita tuangalie kwenye hadubini. Mtoto aliona nyuzi zenyewe. Ilikuwa choa, ugonjwa ambao sisi sote tunaujua kwa duara lake, isipokuwa steroidi ilikuwa imelinyamazisha jeshi la mwili lililokuwa likichora duara hilo, na fangasi wakaenea kwa raha wakiwa wamejificha. Alipewa dawa ya fangasi peke yake, na taulo lake akatengewa. Kwa walimu wenzangu wa shule za msingi nitaongeza alilonieleza siku hiyo: choa cha kichwani, kile kinachoacha viraka visivyo na nywele, hakiponi kwa krimu, kwa sababu krimu haifiki kwenye mizizi ya nywele, mtoto huhitaji vidonge kwa wiki kadhaa, naye asinyolewe kwa mashine moja na wenzake kabla haijasafishwa.

Sasa malalamiko, na si madogo.

Kliniki hufunguliwa siku tatu tu kwa wiki, na miadi ya saa nne haikuwahi kuanza kabla ya saa sita. Ninaelewa kwamba mgonjwa anayesikilizwa kwa nusu saa humchelewesha anayemfuata, lakini basi wapangieni watu kwa saa za ukweli. Sehemu ya kuvulia nguo imetengwa kwa pazia jepesi ambalo upepo wa feni hulifunua, na siku ya mwisho niliona mzee mmoja akikataa kabisa kuonyesha mgongo wake kwa sababu hiyo. Mtu mwenye ugonjwa wa ngozi ameshatazamwa vya kutosha barabarani. Karatasi ya maelekezo unayopewa ukiondoka imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, ingawa mazungumzo yote chumbani huwa kwa Kiswahili au Dholuo, na niliwasikia akina mama wakiulizana ngazini nini kinapakwa kwanza. Niliwaambia kwamba niko tayari kuitafsiri. Walishukuru, lakini hadi Januari walikuwa bado hawajanitumia.

Bei ndiyo inayoniumiza zaidi, si kwa ajili yangu peke yangu. Ziara ya kwanza ni shilingi 2,000 na zinazofuata ni 1,000, kiasi ambacho kwa muda na maelezo niliyopata nakiona cha haki. Losheni ya kukinga jua yenye rangi, hata hivyo, iliuzwa shilingi 2,400 kwa tyubu ya mililita 50 ambayo haikumaliza wiki sita, na bima ninayokatwa kazini ilikataa kuilipia kwa kuiita kipodozi, ilhali ndiyo nusu ya tiba yangu. Tena kulikuwa na rangi tatu tu, na ile nyeusi kuliko zote iliniacha na uso wa kijivu hadi nilipojifunza kuichanganya na krimu kiganjani. Watengenezaji wa bidhaa hizi wanaziuza katika nchi ya watu weusi bila kuwatazama watu hao. Kliniki haina lawama kwa hilo, ila ingeweza kusema mapema kwamba kasoro hiyo ipo.

Niliyojifunza niliyapima kwa mara ya kwanza bila msaada mwezi wa Desemba, nilipokwenda kwa wazazi wangu Nakuru. Pale mji uko juu zaidi, mita zipatazo 1,850, asubuhi ni baridi na upepo mkavu hutimua vumbi mchana kutwa, na siku ya pili krimu iliyonitosha Kisumu, ambako hewa ya ziwa ina unyevu, haikunitosha tena. Zamani ningekimbilia dukani kutafuta kitu kipya. Safari hii nilikumbuka ule ukuta uliochorwa. Nilipunguza maji ya moto, nikapaka krimu ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, kisha juu yake mafuta ya mgando ya kawaida, yale yaliyopewa hataza na Robert Chesebrough huko Marekani mwaka wa 1872 na ambayo mama yetu alitupaka kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Hayaongezi maji kwenye ngozi hata tone, lakini hayana mpinzani katika kuyazuia yaliyomo yasitoke, na ndiyo maana yakipakwa juu ya ngozi kavu hung'arisha tu na kuacha ukavu chini yake. Kopo la shilingi 200 na kitu lilinitosha mimi, mama na miguu ya baba iliyopasuka visigino kwa likizo yote. Nilimweleza mama mambo ya udongo na matofali, naye akasema kwamba ameyajua hayo miaka yote ila hakujua kwamba yana sababu.

Katika ziara ya nne tulilinganisha picha, zote zikiwa zimepigwa karibu na dirisha lile lile. Baka la shavu la kulia limefifia hadi mtu asiyelijua halioni. La kushoto lipo bado, ila kingo zake zimelegea. Lililo juu ya mdomo halijabadilika sana. Vimishipa viwili vitatu vimebaki, na huenda vikabaki daima. Tabibu alinikumbusha kwamba mabaka ya aina hii hudhibitiwa zaidi kuliko yanavyoponywa, kwamba jua la likizo moja bila kofia linaweza kuyarudisha, jambo alilokuwa ameniambia siku ya kwanza kabla sijalipa chochote.

Miadi yangu ijayo ni ya mwezi wa Aprili, nami nitaandamana na mama mkwe, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akijikuna miguu usiku na kujipaka kila anachopewa na majirani. Nimeshamwomba akusanye kila anachojipaka, na vile vilivyokwisha lebo pia, aviweke katika mfuko mmoja.